Hotipoti la saba: zawadi za ndoa ya ukubwani tunampa nani?



Leo hatukuja na mshono wala mapishi. Leo tumekuja kugomba kidogo, na atakayeguswa atuwie radhi, maana na sisi wenyewe tumo ndani ya lawama hii.

Mfungo mosi uliopita, shughuli zote zimeshapoa, mteja wetu mmoja alisimamisha bajaji mbele ya kibanda chetu cha cherehani. Mama wa miaka hamsini na kitu, mjane, ndiyo kwanza ameolewa na mwanamme aliyefiwa na mkewe. Akashusha mabunda, akaketi, akajipepea kwa ncha ya mtandio, akasema: "Mashoga, kwenu hapa wanapita watu wengi. Niuzieni hivi, nitawapa chenu."

Tukafungua. Mahotipoti saba. Seti tatu za vikombe. Mabirika mawili ya chai. Blenda mbili. Vyote vipya, vingine havijavuliwa karatasi ya nakshi.

"Nyumba niliyohamia ina kabati zima la vyombo vya marehemu," akasema. "Na mimi nimekuja na kabati langu la miaka thelathini. Hivi nivipange wapi, juu ya paa?"

Tukacheka sote, naye akacheka. Halafu akanyamaza, akatuambia neno ambalo mpaka leo linatuwasha: "Watu wote wale waliokula pilau yangu, hakuna hata mmoja aliyeniuliza naingia nyumba ya namna gani."

Hilo ndilo gomvi letu la leo.

Tunatoa ili tuonekane

Tuambiane ukweli. Zawadi nyingi za harusi siku hizi hazimwangalii biharusi, zinawaangalia watu waliokaa ukumbini. Mshereheshaji atashika kipaza sauti, atasoma: familia ya fulani imeleta friji, kikundi cha fulani kimeleta seti ya makochi. Sisi tuliokaa na sare zetu tunajikuna, tunaulizana cha kwetu kitasomwaje. Kwa hiyo tunachagua kitu kikubwa, chenye boksi la kung'aa, kitakachotoka vizuri kwenye picha. Kama kitatumika au hakitatumika, hilo la kesho.

Kwa biharusi wa miaka ishirini ubaya wake haujitokezi sana, kwa sababu yeye hana hata mwiko. Chochote utakachompa atakifaidi. Lakini mtu wa miaka hamsini, aliyezaa, aliyezika mume au aliyeachwa, aliyeendesha nyumba yake mwenyewe miaka na miaka, yeye sahani anazo. Asichonacho ni vitu vingine kabisa, navyo huwezi kuvijua mpaka uulize.

Kuna hadithi sahihi, imo kwa Bukhari na Muslim, ambayo sisi mafundi wa nguo hutusimamisha nywele kila tukiisikia. Mwanamke alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama kuna ubaya akijionyesha kwa mke mwenzake kuwa mume kampa kitu ambacho hakumpa. Akajibiwa kuwa anayejipamba kwa kitu asichopewa ni sawa na aliyevaa nguo mbili za uongo. Tumekaa tukaifikiria sana. Mwenye kukopa duka zima ili zawadi yake isomwe ukumbini, halafu mwezi mzima watoto wake wanakula muhogo wa chumvi, hiyo nguo aliyovaa siku ile ni ya nani?

Na Mtume huyo huyo alitukataza wanawake kuidharau zawadi ya jirani hata ikiwa ni kwato ya mbuzi. Kwa hiyo zawadi ndogo haina aibu katika dini yetu. Aibu tumeiweka sisi.

Wasiotoa kabisa, na wanaotoa kijembe

Kuna kundi la pili. Hawa wakisikia mjane au mtalaka anaolewa, wanapindua mdomo: "Si alishatunzwa mara ya kwanza? Ya pili ya nini tena?" Wengine hata shughuli hawaendi. Utawasikia vibarazani: mtu mzima yule, wajukuu wanamzunguka, bado anataka ubani na asumini?

Tunawauliza: mmeisoma wapi hiyo? Katika Suratun Nuur, aya ya 32, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuwaoze walio wapweke miongoni mwetu, na wanavyuoni wanaeleza kuwa mpweke hapo ni yeyote asiye na mwenzi, awe hajaolewa kamwe au amefiwa au ameachwa. Mama yetu Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alipoolewa na Mtume alikuwa ameshaolewa kabla na ana watoto. Mama yetu Ummu Salama alifiwa na Abu Salama kwa jeraha alilolipata Uhud, akabaki na watoto wadogo. Mtume alipomposa, alitaja hofu zake waziwazi: kuwa umri umekwenda, kuwa ana wivu, na kuwa ana watoto. Hakuna hofu hata moja iliyochekwa. Zote zilijibiwa kwa upole, na wale watoto wakalelewa katika nyumba ya Mtume. Basi wewe unayemcheka jirani yako kwa kuolewa na watoto, unamcheka nani hasa?

Kundi la tatu ndilo baya zaidi: wanaotoa, lakini zawadi yao ina sindano ndani. Kanga ni zawadi ya heshima kwetu, hakuna harusi ya Mswahili isiyo na doti ya kanga. Lakini kila kanga ina jina lake, na mwenye kuchagua jina anajua anachokisema. Tumeona kwa macho yetu mwanamke aliyetoka kwenye talaka chungu akizawadiwa kanga yenye maneno ya kumsimanga mume wa kwanza. Tumeona mke wa mwanamme aliyefiwa akipewa kanga ya kujigamba kuwa sasa yeye ndiye mwenye nyumba. Atajifunga wapi kanga hiyo? Mbele ya watoto wa marehemu? Watoto wanajua kusoma, jamani.

Ukitaka kutoa kanga, toa. Simama pale Darajani, itandaze, isome jina lake mara mbili, kisha jiulize: mtoto wa nyumba ile akilisoma hili atajisikiaje? Ikikushinda kujibu, chukua kisutu chako uende zako. Kisutu hakijamtukana mtu.

Shuka la mama

Sasa tuje kwetu, maana tumesema na sisi tumo.

Mwaka mmoja nyuma, kikundi cha mashoga walichangishana wakatupa kazi: mashuka ya kutarizi, foronya sita zenye jina la bibi na bwana harusi, na pazia la chumba. Biharusi ni mtalaka mwenye binti mmoja, bwana harusi amefiwa na mke, naye ana binti. Tuliletewa vipimo vya kitanda kwenye kikaratasi. Tulishona kwa mapenzi, uzi wa dhahabu, kila mshono umekaa. Hatukuuliza kitanda ni cha nani.

Siku ya kupamba chumba tulikwenda wenyewe. Kilikuwa kitanda cha samadari, cha zamani, kizuri. Tukatoa shuka lililokuwapo, tukaliviringa, tukalirusha pembeni. Mlangoni amesimama mtoto wa kike, labda miaka kumi na moja, katuamkia shikamoo vizuri tu, kisha akasema: "Hilo shuka la mama. Msilitupe."

Tulisimama na foronya zetu za dhahabu mikononi, hatuna la kusema.

Biharusi mwenyewe ndiye aliyeokoa jahazi. Allah amlipe. Alichutama mbele ya yule mtoto, akamwambia: "Hatulitupi mwanangu. Lichukue, ukaliweke kabatini kwako."

Mtoto akajibu: "Sina kabati."

Tafadhali lirudieni neno hilo moyoni. Katika nyumba ile siku ile iliingia jokofu, zilingia taa za mapambo, yaliingia mazulia, ziliingia foronya zetu sita. Na mtoto aliyefiwa na mama, ambaye kesho anaingiziwa chumbani mwake mtoto mwingine asiyemjua, hana mahali penye kufuli pa kuweka shuka moja. Watu wazima zaidi ya mia walifikiria zawadi kwa wiki kadhaa, na hakuna aliyefika kwake. Hata sisi tuliochukua vipimo.

Harusi hii inaoa nyumba mbili

Ndoa ya wenye watoto haiunganishi watu wawili tu. Kuna watoto wa bwana, kuna watoto wa bibi, kuna bibi mzaa marehemu ambaye bado anakuja kuwaona wajukuu, kuna baba wa watoto ambaye yuko hai mtaa wa pili. Ukitoa zawadi kana kwamba hao wote hawapo, umetoa zawadi ya harusi nyingine.

Na ukitoa, toa kwa uadilifu. Mnaijua hadithi ya Nuuman bin Bashiir: baba yake alimpa kitu, akaenda kwa Mtume ili ashuhudie, akaulizwa kama amewapa watoto wake wote mfano wake. Aliposema hapana, Mtume alikataa kushuhudia, akamuamrisha kumcha Mungu na kufanya uadilifu baina ya watoto. Hadithi ile inamsema mzazi na watoto wake wa kuwazaa, hatutaki kuigeuza hukumu. Lakini funzo lake hatuwezi kulikimbia. Shangazi anayemletea binti wa kaka yake gauni na viatu, akampita binti wa biharusi kama kiti, amepanda mbegu ya ugomvi katika chumba kimoja chenye vitanda viwili. Usiku watoto wale watalala wakitazamana.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui mpaka siku ya msiba. Katika sheria yetu, mtoto wa kufikia harithi kwa mume wa mama yake, wala kwa mke wa baba yake. Anaweza kuachiwa wasia, usiozidi theluthi moja ya mali, au kupewa zawadi mtoaji akiwa hai na afya yake. Kwa hiyo kwa mtoto huyu, zawadi ya uhai ina uzito. Kitanda alichonunuliwa na baba wa kambo akaambiwa mbele ya watu "hiki chako", ni chake. Hakuna atakayekuja kukigawa.

Na nyinyi maharusi watu wazima, andikeni. Msione haya. Mahari ni haki ya mke peke yake, Suratun Nisaa aya ya 4 imeliweka wazi. Vyombo alivyokuja navyo ni vyake. Zawadi aliyotunzwa yeye ni yake, ya mume ni ya mume. Mume akifa na ana watoto, mke anapata thumni, na wanawe wanachukua sehemu zao. Siku ile ndipo utasikia: hili kabati la mama yetu, hapana hili alikuja nalo yeye, hapana hili alipewa harusini. Watu waliokula sahani moja miaka kumi wanafikishana kwa kadhi kwa sababu ya friji. Daftari la shilingi chache lingeyamaliza. Kila zawadi inapoingia, andikeni nani katoa na nani kapewa.

Basi tutoe nini?

Kwanza, uliza. Kuna watakaosema kuuliza ni kukosa adabu, zawadi ni ya kushtukiza. Sisi tunasema adabu iliyozaa mahotipoti saba si adabu, ni uvivu. Kama unaona haya kumuuliza biharusi, muulize dada yake, au binti yake mkubwa. Maswali ni matatu tu: wanahamia nyumba ya nani? Ndani mna nani na nani? Kitu gani kinawakwama?

Kwa watu wazima waliokamilika vyombo, fikirieni mwili na ibada. Misala miwili iliyojazwa sponji nene, maana magoti ya miaka sitini hayasujudu kama ya ishirini. Kiti imara cha kusalia kwa asiyeweza kuinama. Chandarua kipya cha kipimo cha kitanda chao. Godoro gumu kwa mwenye mgongo. Msahafu wa maandishi makubwa. Miwani. Mchango katika akiba yao ya umra. Fundi wa bomba aliyelipwa tayari, aende akatengeneze choo kinachovuja. Mama mmoja alitwambia zawadi aliyoipenda kuliko zote ni shoga yake aliyemletea chakula cha mchana siku tatu mfululizo wiki ya kuhamia, mkono wake mtupu haukuwa na hata bahasha.

Kwa watoto, toeni kinachosema "wewe una nafasi hapa". Kabati dogo lenye kufuli na ufunguo wake. Shuka na foronya za kila mtoto, rangi achague mwenyewe. Mkoba na sare za skuli, kwa wote, siku moja, ubora mmoja. Msimpe mmoja mbele ya mwengine. Na watoto wakubwa wa bwana harusi, wale wenye nyumba zao, msiwasahau: doti moja ya kanga yenye jina jema kwa binti mkubwa wa marehemu, apelekewe na biharusi kwa mkono wake, inaweza kufungua mlango ambao makochi hayafungui.

Na fedha. Bahasha haina aibu. Anayeijua shida yake ni yeye.

Visivyofaa pia tuviseme: foronya na mapambo ya majina yao wawili kwa nyumba yenye watoto wa marehemu, kabla hujajua. Picha kubwa ya ukutani inayotaka kutundikwa palipokuwa na nyingine. Nguo za ndani za mzaha zinazofunguliwa mbele ya wakwe na watoto. Cheko la dakika moja, na biharusi anainamisha uso mbele ya mkaza mwana wake.

"Mnatangaza biashara yenu"

Tunajua watakaosema hivyo. Mafundi wa mashuka wanawaambia watu wanunue mashuka.

Wapenzi, hesabuni wenyewe. Foronya sita za uzi wa dhahabu zinatulipa kuliko mapazia ya kawaida mara nyingi. Tangu tuanze kumuuliza mteja kitanda ni cha nani, tumepoteza kazi. Wapo waliochukua kitambaa chao wakaenda kwa fundi asiye na maswali. Rizki iko kwa Allah. Hatutaki tena kusimama mbele ya mtoto na shuka la mama yake chini ya miguu yetu.

Wengine watasema haya ndiyo mila yetu, tuyaache. Mila yetu ipi? Bibi zetu walipokuwa wakimtunza mtu, walijua ana vibaba vingapi vya mchele ndani. Walikuja na mkeka waliousuka wenyewe kwa kipimo cha chumba, kwa sababu chumba wanakijua. Kipaza sauti na maboksi ni vitu vya juzi.

Kama mnataka kujua iliishaje: wiki iliyofuata tulirudi na tepu ya kupimia. Tuliwauliza mabinti wote wawili wanataka nini. Wakatazamana, kisha yule mwenyeji akasema wanataka pazia katikati ya vitanda vyao. Tukawashonea, upande mmoja wa kijani, upande mmoja wa maua, kila mmoja kwa rangi yake. Hatukuchukua fedha. Mwenye nyumba naye alitengenezesha kabati mbili kwa seremala, kila moja na ufunguo. Tulipopita miezi kadhaa baadaye kupeleka nguo za sikukuu, pazia lilikuwa limefungwa pembeni kwa utepe, wako wamekaa kitanda kimoja wanasukana nywele. Tulipowauliza kama tuliondoe, wakasema hapana, usiku wanalifunga.

Wakati wa harusi nyingine unakaribia. Kabla hujaingia dukani, uliza nyumba ile ina nani ndani. Na yule mama wa mahotipoti saba anawasalimu. Matano bado yapo kwetu, hayajapata mnunuzi.

Allah awabariki maharusi wote, wa kwanza na wa pili, wadogo na wakubwa, awaunganishe katika kheri wao na watoto wao. Aamin.

Wabillahi tawfiq.